Mwanangu Nyokabi

Jirani yangu hapa Juja ana mtoto mchanga, na baridi hii ikiendelea hana namna ya kukausha visweta vyake ila kuvitundika kwenye mgongo wa kiti, karibu na jiko la makaa. Jioni moja nilipita mlangoni kwake na harufu ikanikuta: uzi wa sweta uliolowa, moshi, na sabuni ambayo haikusuuzwa vizuri. Nilisimama pale na mfuko wangu wa viazi mpaka jirani akaniuliza kama kuna shida. Nikamwambia hakuna, nimekumbuka tu mambo ya zamani. Sikumwambia kwamba nimemkumbuka mtoto wangu wa kwanza, kwa sababu anajua vizuri kwamba sijazaa, na angeanza kunihurumia.

Mtoto huyo nilimpata nikiwa darasa la nne. Alikuwa na umri mkubwa kuliko mama yangu, alilala kwenye veranda ya duka lililofungwa karibu na soko la Ruiru, na jina lake lilikuwa Nyokabi. Ili nieleweke, lazima nianze na kroshia.

Wewe wa rika langu uliyesoma pande hizi, Ruiru, Mwihoko au hata Thika mjini, unajua jinsi mitindo ilivyokuwa ikituvamia shuleni. Hakuna aliyejua imetoka wapi. Msichana mmoja angekuja na bangili ya shanga, na kabla wiki haijaisha darasa zima lina shanga mpaka kwenye kiwiko na droo ya mwalimu imejaa zile alizonyang'anya. Shanga zilipochosha zikaja raba ndogo za rangi tulizozisuka kwa vidole, kisha nyuzi za plastiki, kisha maua ya karatasi. Tulikuwa tukikipenda kitu kwa nguvu zote, tunagombana kwa ajili yake, tunalia, halafu asubuhi moja tunaamka hatukitaki tena na mwenye kuja nacho anachekwa. Mimi nilichekwa sana. Nina mikono mizito tangu kuzaliwa, kwa hivyo nilikuwa nikianza kuelewa jambo wakati wenzangu wameshalichoka.

Kroshia ndiyo iliyotushika kuliko vyote. Mama zetu walikuwa wanafuma tangu zamani, vile vitambaa vyeupe vya kufunika makochi, lakini hatukuwahi kuona kwamba ni kitu cha kutamaniwa. Halafu msichana wa darasa la sita akaja na mkoba alioufuma mwenyewe, na shule ikapagawa. Asiyeweza kununua sindano ya kroshia alipeleka spoki ya baiskeli kwa fundi ikapindwa ncha. Uzi ulikuwa shida zaidi. Tulifumua sweta kuukuu, tukamaliza, tukaanza kufumua zile tulizovaa, kidogo kidogo kuanzia mkononi, tukiamini hakuna atakayegundua. Mama alipoona mikono ya sweta yangu inanifika karibu na viwiko aliniuliza kama nimeanza kurefuka ghafla. Nikamwambia ndiyo. Alinivua, akaigeuza, akaona uzi unaning'inia, na hasira aliyokuwa nayo siku hiyo naikumbuka mpaka leo. Sweta ya shule si kitu cha kuchezea kwa mtu anayekaa chumba kimoja na kuhesabu kila kitu mpaka chumvi.

Ticha Mercy, aliyetufundisha Sunday school, ndiye aliyepata wazo. Julai ilikuwa inakaribia, na nyinyi mnaijua Julai ya huku, manyunyu ya asubuhi na ukungu unaokaa mpaka saa nne. Alitukuta tukifuma chini ya viti wakati yeye anaomba.

"Mnafuma tu, mnafuma, na hamna mtu mnamfumia," alisema. "Kuna watu wanalala nje hapa Ruiru. Kila mmoja wenu atafuma mavin moja. Tutawapatia."

Mavin ni ile kofia ya uzi inayofunika masikio. Tulishangilia mpaka wazee walioko ibadani wakageuka kutuangalia. Sasa tulikuwa na ruhusa ya Mungu ya kufanya kile tulichokuwa tunachapwa kwa kukifanya. Kina mama wa kanisa waliingiwa na moto huohuo, wakaleta uzi, na kwa majuma kadhaa pale kanisani hapakuwa na mazungumzo mengine ila watu wa mitaani. Waliombewa. Walihurumiwa mpaka chai ikapoa. Nakumbuka nikifikiri kwamba watu hawa wana bahati, kupendwa na kanisa zima namna hiyo.

Siku ya kuwapa ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Waliitwa langoni, hawakuingia ndani, wakapangwa mstari kando ya ukuta. Wengi walikuwa wavulana wakubwa wenye chupa za gundi ya kunusa, wazee wachache, na wanawake wawili au watatu. Watu walitoa simu wapige picha. Tuliambiwa kila mtoto amvike mtu mmoja kofia, atabasamu, kisha arudi nyuma. Ndipo ikaonekana kwamba kofia zote ni ndogo. Kila mtoto alikuwa amepima kwa kichwa chake mwenyewe, na kati yetu sote hakuna aliyewahi kufikiria kichwa cha anayefumiwa. Zilikaa juu ya utosi, za pinki na za kijani, juu ya nyuso za watu wazima wenye ndevu. Kanisa lilicheka. Baadhi ya wenye kofia walicheka pia, na picha zikapigwa vilevile.

Mimi nilipangiwa mwanamke wa mwisho kwenye mstari. Alikuwa amevaa makoti mawili na gunia mabegani, na miguu yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa Gatuanyaga wakati wa kiangazi. Aliinama nimvike. Kofia ikakataa kushuka. Niliivuta, ikakataa, na nikaanza kulia kwa aibu kwa sababu Ticha Mercy alikuwa ananingojea na simu.

"Wacha kulia," mwanamke alisema. "Unaitwa nani?"

"Wanjiru."

"Ulipatiwa jina ya nani?"

"Ya cucu. Mama ya baba. Anakaa Gatuanyaga."

Akaniangalia vizuri, kisha akacheka, na meno yake yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. "Mama yangu pia alikuwa Wanjiru. Kwani hujui? Wewe ni maitu. Wewe ni mama yangu. Sasa mami, utaacha mtoto wako ashikwe na baridi juu ya kofia ndogo hivi?"

Kwetu mambo haya hayahitaji maelezo, lakini nitaeleza kwa ajili ya wengine. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na akishapewa jina, anapewa na heshima zake. Baba yangu hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita mami. Nikiwa mdogo, akirudi kutoka kiwandani Thika alinisalimia mimi kwanza kabla ya watu wazima, na akiniudhi aliniomba msamaha, kwa sababu huwezi kumkosea mama yako ukanyamaza. Baba mdogo alikuwa ananiletea mandazi na kusema amekuja kumwona mamake. Kwa hivyo nilikuwa nimekua nikijua kwamba nina watoto, watu wazima wenye masharubu, na kwamba wananitegemea kwa namna fulani. Watu wazima husema maneno hayo wakisikia jina, nusu kwa upendo na nusu kwa mzaha. Mimi sikujua kwamba kuna nusu ya mzaha. Mwanamke huyu alikuwa amesema mbele ya kanisa kwamba mimi ni mama yake, na yeye analala nje. Niliona aibu kubwa kwamba sikuwa nimejua.

Kesho yake nilipotoka shule nilipitia kwenye veranda yake. Nilimwomba kofia nikaifumue.

"Kaa vizuri nikupime," nilimwambia, na nikazungusha uzi kichwani mwake kama Mama alivyofanya kwangu. Alikaa. Harufu yake ilikuwa ya uzi uliolowa na moshi wa makaratasi, na mwanzoni nilipumulia mdomoni ili asijue. Baadaye niliizoea nikaacha.

Kufuma upya kulinichukua muda mrefu kwa sababu ya mikono yangu, na muda huo wote nilimlea. Nilikuwa namuuliza kama amekula. Nilimgombeza kwa kukaa pale maji ya paa yalipomwagikia. Nilimletea nusu ya githeri yangu, mahindi na maharagwe, kwenye kikopo na nikasimama mpaka amalize, kwa sababu ndivyo mama wanavyofanya. Alinishikia uzi kwa mikono yote miwili, ameunyoosha mbele, na mimi nauzungusha kuwa mpira, tukizungumza. Alipenda kuniambia habari za Wanjiru mwingine, mama yake, aliyekuwa na ng'ombe mmoja mkaidi. Hakuwahi kuniambia alifikaje pale na mimi sikuuliza. Nilidhani ni kosa langu, kwamba nilikuwa nimemsahau mahali fulani nikiwa mdogo.

Siku nyingine hakuwa sawa. Macho yake yalikuwa yananipita, anaongea na mtu ambaye simwoni, na mara moja alinifukuza. "Toka hapa! We ni nani?" alipiga kelele, akarusha kikopo barabarani. Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima. Siku iliyofuata aliniita kwa mbali, "Mami, umeamka aje?" kama vile hakuna kilichotokea. Nikajifunza kwamba ana siku nzuri na siku mbaya, na kwamba siku mbaya hanijui. Hilo nililiweka akilini.

Mama aligundua, bila shaka. Ruiru haina siri. Alinikalisha kitandani akanikataza.

"Huyo mtu ni mgonjwa wa akili, Wanjiru. Akikuumiza nitamwambia nini baba yako?"

"Ni mtoto wangu."

"Wee! Si mtoto wako. Ni maneno tu."

"Na Baba akiniita mami, ni maneno tu?"

 Mama akaniambia basi nisikae sana, na nisimguse, na nisiingie naye mahali popote. Kuanzia hapo githeri kwenye kikopo changu iliongezeka kidogo, lakini hatukuizungumzia.

Kofia ilipokamilika, imeongezwa uzi niliofumua kwenye sweta yangu, ikamfika masikioni, kroshia ilikuwa imekufa. Shule ilikuwa imeingia kwenye kutengeneza ute wa kuvuta kwa gundi na sabuni, na aliyeonekana na sindano aliitwa cucu. Hilo sikulishangaa. Nililoshangaa ni kanisani. Niliendelea kungoja siku nyingine ya watu wa mitaani, na haikuja. Ticha Mercy alituambia tulete chupa za plastiki tuzikate tupande maua, na kina mama wale wale wakazikata, wakazipaka rangi, wakazitundika kwenye ukuta ule ule. Mtu alileta habari kwamba amezikuta mavin zetu zimetupwa mtaroni nyuma ya stage ya matatu. Mama mmoja akatikisa kichwa. "Hawa watu hawasaidiki," alisema, na wengine wakakubali, na nadhani wote walihisi wamepumzika. Nilitaka kusema zilitupwa kwa sababu hazikuwatosha. Nilikuwa mtoto, sikusema. Nasema sasa: huruma yetu ilikuja jinsi shanga zilivyokuja na ikaenda jinsi zilivyoenda, na hatukuwahi kumuuliza mtu hata mmoja ukubwa wa kichwa chake.

Kisha mji ukaanza kupendezeshwa. Ilisemekana mgeni mkubwa anakuja, sikumbuki nani, na kingo za barabara zikapakwa rangi nyeupe na nyeusi. Jumamosi asubuhi nilitumwa maziwa. Nilimpita Nyokabi amekaa kwenye veranda amejifunika gunia, mavin imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Mami, umeamka aje?"

"Nimeamka salama. Umekula?"

"Bado. Leta chai ukirudi, na usisahau sukari."

Ilikuwa siku nzuri, ninyi mnaona. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mimi mwenyewe nilikuja kulisahau.

Niliporudi na maziwa palikuwa na lori. Wanaume waliovaa ovaroli walikuwa wanakusanya watu kutoka kwenye veranda na nyuma ya vibanda, na mpaka leo sijui waliowatuma ni nani. Hawakupiga mtu. Waliwashika kwapani wakawapandisha, na magunia yao yakabaki chini. Nilidhani wanapelekwa mahali pazuri. Nilifikiri ni kanisa limekumbuka, kwamba wanapelekwa kwenye nyumba yenye vitanda, na nikaanza kukimbia ili nikamwambie Nyokabi asiogope. Kisha nikasikia mzee mmoja kwenye umati akimuuliza mwenzake, "Wataenda kutupwa wapi hao?" na neno hilo, kutupwa, likanisimamisha.

Nyokabi alikuwa tayari juu, ameshika ubao wa pembeni. Kiongozi wa wale wanaume, mnene, mwenye kofia ya kapelo, alikuwa anawatangazia watu.

"Kama kuna mtu ako na mtu wake hapa, amchukue saa hii waende nyumbani. Hatuna shida na yeye. Lakini asiye na mtu, tunaenda na yeye."

"Mimi niko," nilisema.

Hakunisikia. Nikasema tena kwa nguvu, na watu wakanipisha.

"Uko na nani?"

"Huyo wa mavin. Ni mtoto wangu."

Umati ulicheka, na yule mwanamume pia, si kwa ubaya. Nilimweleza. Nilimwambia jina langu, na jina la mama yake Nyokabi, na kwamba sweta yangu ndiyo hiyo iko kichwani mwake. Mzee aliyesema neno kutupwa aliacha kucheka. "Si amekwambia ako na jina ya mama yake?" akasema. "Kwetu hiyo si uongo."

Yule mwanamume alijikuna shingo. Nadhani alitaka kumaliza kazi, lakini pia alikuwa mtu wa kwetu na hakutaka kubishana na jina. "Sawa, mami," aliniambia. "Leta mtu mkubwa aseme huyu ni wenu, nitamshusha. Kimbia. Sikai hapa mpaka jioni."

Nilikimbia. Sijawahi kukimbia vile tena maishani. Nilimkuta Mama anafua uani, mikono ina povu, nikamvuta leso bila kupumua. Alifikiri ni baba amepata ajali. Alikuja hivyohivyo na ndara zake, na nilipomwonyesha lori alipunguza mwendo, lakini alikuja.

Watu walikuwa wameongezeka. Ticha Mercy alikuwa pale na kikapu chake cha soko, na kina mama wengine wawili wa kanisani, wote wamenyamaza. Mwanamume mwenye kapelo alimsalimia Mama kwa heshima.

"Mama, huyu mtoto anasema huyo ni mtu wenu. Ni ukweli? Ukisema ni ukweli namshusha saa hii, lakini unaenda na yeye nyumbani. Sitaki kumpata hapa tena."

Nilimtazama Mama. Kwangu jibu lilikuwa neno moja na lilikuwa rahisi. Povu lilikuwa linakauka mikononi mwake. Alimtazama Nyokabi, na Nyokabi akamtazama, na walitazamana muda ambao mimi niliuona mrefu mno, mpaka nikamkanyaga mguu.

"Mama, sema."

Nyokabi ndiye aliyesema. Sauti yake ilitoka wazi, ya kuamrisha, kama ya mtu anayemfokea kondakta.

"Huyo mtoto simjui. Na huyo mama pia simjui. Endesha gari, jua inatuchoma bure."

"Nyokabi!" nilipiga kelele. "Ni mimi! Ni Wanjiru!"

Aligeuza uso akatazama upande wa pili, kwenye ukuta wa soko, na hakugeuka tena. Mwanamume mwenye kapelo aliinua mabega. Lori likawashwa. Nililifuata mpaka kwenye lami, na Mama akanishika kwa nyuma, na maziwa yalikuwa yamemwagika zamani na hakuna aliyeyauliza.

Nilimchukia. Nasema nilimchukia Nyokabi, si yule mwanamume, wala Mama. Nilikuwa nimemletea mama, nilikuwa nimefanya yote niliyoambiwa, na yeye akachagua saa ile ile kuwa na siku yake mbaya. Baba aliporudi nilimwambia hivyo. "Alikuwa karibu kushushwa. Amenisahau tu." Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama Mama aliyekuwa amegeukia jiko.

Jumapili hatukwenda kanisani, mimi na Baba. Ilisemekana lori lilielekea mashariki ya Thika, kwa hivyo tulikwenda Gatuanyaga kwa cucu, na kutoka hapo tukapanda pikipiki tukazunguka zile barabara za vumbi tukiuliza. Mchungaji mmoja wa mbuzi alisema ndiyo, watu waliteremshwa kando ya njia, mahali pasipo hata duka. Tulimkuta mzee mmoja wao amekaa kwenye kivuli cha ua. Alisema mwanamke wa mavin alisimama kidogo tu, akauliza Ruiru iko upande gani, akaanza kutembea. Baba alisimama barabarani akaita jina lake kwa sauti. Sikuwahi kumsikia baba yangu akimwita mtu vile. Vumbi likatulia, na hakuna aliyeitika.

Hatukumwona tena. Kwa muda mrefu baada ya hapo, kila jioni Baba akirudi kutoka Thika, Mama alikuwa akimuuliza mlangoni, kwa sauti ya chini, "Hakuna?" na yeye anajibu, "Hakuna." Nilidhani wanazungumzia kazi za ziada kiwandani. Nilikuwa nimeshaacha kumtafuta. Mtoto akikasirika hivyo anaweza kufunga mlango kabisa, na mimi niliufunga, nikakua, nikahamia Juja, na kila nikipita mtu amelala kwenye veranda nilikuwa natazama mbele kama watu wengine.

Baada ya jioni ile ya visweta nilikwenda Ruiru. Mama bado anaishi huko, vyumba viwili sasa, na nilimkuta anachagua maharagwe kwenye ungo. Nilikaa nikamsaidia. Tulipofika katikati nilimwambia nimemkumbuka Nyokabi, na kwamba mpaka leo inaniuma kidogo jinsi alivyonisahau siku ile ya lori.

Mama aliacha kuchagua.

"Alikusahau? Ngai, Wanjiru. Si mlikuwa mmesalimiana asubuhi? Si wewe uliniambia njiani alikuomba chai?"

 Nilikuwa nimelisahau hilo, na sasa nililisikia lote, mpaka sukari.

"Mimi ndiyo nilikuwa nimenyamaza," Mama alisema. "Nilikuwa nafikiria kitanda. Kitanda kimoja chetu na chako kile kidogo, na baba yako, na huyo mtu akishikwa na ugonjwa wake katikati yenu. Na wale watu wa kanisa wananiangalia. Yeye akaona vile nimekwama. Aliniona kabisa. Akaniondolea."

"Ungesema nini? Kama angenyamaza?"

Alichukua maharagwe kiganjani, akayatazama, akayarudisha kwenye ungo bila kuyachagua.

"Sijui," alisema. "Miaka yote hii najiuliza. Labda ningesema ndiyo. Nilikuwa karibu kusema kitu, lakini sijui ni nini, kwa sababu hakuningoja."